Maneno ya Marehemu

"Hivi wewe mwenzetu, umezika waume wangapi mpaka leo?" jirani alimuuliza mwigizaji mmoja mkongwe siku moja wakianika nguo. Naye akajibu bila kupepesa jicho, "Kumi na mmoja wa kazi, mmoja wa Mungu." Wakacheka mpaka vibanio vikawadondoka.

Ndiyo iliyokuwa riziki yake. Miaka arobaini jukwaani na kwenye filamu hakuwahi kupewa nafasi ya bibi harusi. Alikuwa mama mkwe, mkunga, mchawi, na zaidi ya yote mjane. Watu wakambandika jina la Mama Msiba, likamganda. Waongozaji walimpenda kwa kuwa hakuhitaji kuandikiwa. "Hapa mume anakata roho," walimwambia, "cha kusema mtajua wenyewe." Basi alimtungia mwigizaji mwenzake maneno ya mwisho, akamfundisha, kamera ikawashwa.

Mchana mmoja filamu yake ya zamani ilirudiwa kwenye televisheni. Bintiye alikuwa amekuja kumjulia hali, amekaa anamenya viazi. Kwenye kioo, mzee aliyelala kitandani akamshika Mama Msiba mkono, akasema, "Mwambie mwanangu, mlango wake sikuufunga."

Kisu kikasimama.

"Mama. Hayo si maneno ya baba?"

Binti huyo aliwahi kukosana na baba yake, akaenda zake, mzee akafa yeye akiwa mbali. Mama ndiye aliyempelekea maneno hayo kuwa ya mwisho ya baba, na kwa maneno hayo alikuwa ameishi miaka ishirini na miwili bila kujilaani.

"Ni ya baba yako, ndiyo."

"Filamu mliicheza lini?"

"Mwaka uleule."

"Kabla hajafa, au baada?"

Mama Msiba akajaribu kukumbuka. Alikumbuka shuka la bluu. La hospitali, au la mafundi wa filamu? Alikumbuka harufu ya dawa, lakini mafundi nao walikuwa wakimwaga dawa sakafuni makusudi, waigizaji wapate machungu. Alikumbuka mkono ukilegea ndani ya mkono wake. Upi kati ya kumi na miwili? Kudanganya hakukusudia, Mungu shahidi. Ila huenda marehemu hakusema kitu, na yeye, kwa uchungu wa mama, akaokota neno la filamu lililokuwa karibu.

"Mama, mimi si mtoto. Niambie tu."

"Nikisema ndiyo, nitakuwa naapia nisichokijua. Nikisema hapana, ni yaleyale."

"Makubwa! Kwa hiyo hujui kama alinisamehe?"

Hapo kazi ikamtangulia. Mabega yakashuka yenyewe, kichwa kikainamia kushoto, sauti ikapanda kutoka chini ya kifua, ikatetemeka palepale ilipozoea. "Alikusamehe, mwanangu. Nilikuwepo." Chozi moja likateremka taratibu.

Na alikuwa akisema kweli. Au moyo wake ulimwambia hivyo. Alijisikiliza, asijue ni nani aliyesema.

Binti akalitazama chozi lile. Akageukia televisheni, ambako mjane, kijana zaidi, alikuwa ameinamisha kichwa kushoto, analia kwa jicho moja. Akakitia kiazi kwenye bakuli, akafuta mikono, akachukua mkoba wake, akatoka.