Mwaka Mzima Kwenye Kamba

Kuna watu wagumu, halafu kuna Mkaguzi. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani. Sokoni, buchani, kwenye maghala ya nafaka, popote panapopimwa kitu, alifika na kisanduku chake cha mawe ya shaba, akapima, na mzani uliokosea hata kwa gramu tano aliufunga kwa waya na kuondoka zake. Usimwombe. Wauza nyama walimwomba miaka ishirini na saba na hakuna aliyefaulu hata kumkalisha anywe chai.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye wenzake waliyemfanya msimulizi wa mchezo. Walijitakia wenyewe.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni wa kukaa mezani na kutunga hadithi pamoja. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, na habari za mtu huyo zimeandikwa kwenye karatasi: ana nguvu ngapi, ana akili ngapi, amebeba nini. Msimulizi anaeleza kilichoko mbele yao, wao wanasema wanafanya nini, na penye mashaka dadu inaamua. Kinachowazuia wasiruke tu mpaka mwezini ni kitabu cha kanuni, na kitabu hicho Mkaguzi alikuwa nacho kichwani ukurasa kwa ukurasa. Ukimwambia mtu wako amebeba mapanga matatu na gunia la unga, atajumlisha kilo mbele ya macho yako, kisha atakuuliza kwa upole unaacha lipi.

Walicheza kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, katika chumba cha nyuma cha Kinyozi, kwenye mlango wa zamani uliolazwa juu ya makreti mawili. Alikuwepo Kinyozi mwenyewe, mdomo haufungi. Alikuwepo Muuguzi, mwanamke wa wodi ya dharura, ambaye kwenye mchezo alikuwa jambazi na alifurahia kuliko ilivyostahili. Na alikuwepo Bonge, fundi makochi, aliyekuwa na mwili wa kujaza mlango na kicheko cha kujaza nyumba. Viti vyote vya pale alivishona yeye. Mtu wake wa kubuni aliitwa Pipa, shujaa mnene anayebeba mizigo ya wenzake wote bila kuombwa. Hakujificha sana, Bonge.

Jumapili ya mwisho waliyocheza walikuwa wanavuka korongo kwa daraja la kamba. Kinyozi na Muuguzi wakafika ng'ambo, daraja likakatika, na Pipa akabaki upande huu ananing'inia kwenye kipande cha kamba. Muda ukawa umekwisha. Bonge akasimama, akavaa koti, akasema, "Niacheni hapo hapo. Jumapili nakuja kujivuta mwenyewe." Jumatano yake alianguka bafuni kwake. Aliumwa miezi mitatu, kisha akafariki.

Mkaguzi alikuwa na kanuni yake mwenyewe, ameiandika kwa kalamu ya wino ndani ya jalada la kitabu: mwenyewe asipokuwepo, mtu wake hasogezwi. Basi Pipa hakusogezwa. Wale watatu waliendelea kukutana, wakacheza karata, wakalalamikia joto, wakakaa wote upande mmoja wa meza ili kile kiti kipana kisiwe mbele ya macho ya mtu. Sanduku la mchezo likabaki juu ya kabati. Mkaguzi alijiambia kuwa anaheshimu kanuni. Wapi. Alikuwa anaogopa. Mtu aliye peke yake kwenye kamba, bila wa kumvuta, kitabu kinasema ataanguka, na wa kulitamka hilo kwa kinywa chake ni msimulizi. Alishamzika Bonge mara moja na hakutaka kurudia.

Ndipo Jumapili moja, mchana kweupe, mlango ukasukumwa na akaingia mke wa Bonge.

Alikuwa fundi wa sare za shule, mwembamba, futi ya kupimia ikining'inia shingoni mwake hata siku ya mapumziko. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Hamjambo, mashemeji?"

"Hatujambo, shemeji, karibu," wakaitikia wote, na Kinyozi akazificha karata chini ya taulo kama mwanafunzi.

"Nilikuwa nagawa nguo zake. Hii nimeikuta kwenye mfuko wa koti." Akaifungua juu ya meza. Ilikuwa karatasi ya Pipa. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Huyu yuko wapi sasa hivi?"

Walitazamana. Kinyozi, ambaye siku nyingine humwezi kwa maneno, akakohoa. "Yuko darajani, shemeji."

"Anafanya nini darajani?"

"Ananing'inia."

"Tangu lini?"

Mke wa Bonge akahesabu mwenyewe kwa vidole. "Mwaka," akasema. "Mume wangu mmemwacha kwenye kamba mwaka mzima, nyie mko hapa mnacheza karata."

Muuguzi aliangua kicheko, akajiziba mdomo, halafu akaona kwamba shemeji naye midomo inamcheza, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mkaguzi peke yake hakucheka. Alikuwa ameshajua kinachokuja.

"Nataka kucheza," akasema mke wa Bonge. "Miaka yote aliniomba nije, nikamwambia huo ni mchezo wa watoto. Sasa nimekuja. Niingizeni, nikamtoe."

"Shemeji," Mkaguzi akaanza.

"Ngoja. Na msinionee huruma. Huruma yeye aliichukia, na wewe unajua."

Alijua. Kuna siku Bonge alitupa dadu vibaya, na Mkaguzi, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, akajifanya hajaona. Bonge aliiokota ile dadu, akairudisha palepale na namba yake mbaya juu, akasema, "Nipe changu."

"Kama kitabu kinasema aanguke," akaendelea mkewe, "mwambie aanguke, nami nitarudi kwangu nikashone nikiwa najua. Ila hili la kumwacha hapo, hapana. Siwezi kulala na mtu ananing'inia."

Basi wakalishusha sanduku, wakalipangusa vumbi. Walimwandikia mtu wake: Bibi Tangawizi, mkongwe wa miaka sabini, muuza dawa za kikohozi, ambaye amefika korongoni kwa njia zake. Akili alipata nyingi. Maneno alipata mengi zaidi. Kisha akatupa dadu ya nguvu, na ikasimama kwenye nne.

"Nne ni nzuri?" akauliza.

"Kila nguvu moja inavuta kilo kumi," Mkaguzi akasema, akiitazama meza. "Una uwezo wa kuvuta kilo arobaini. Pipa, yeye na mizigo yake, ni kilo mia moja sitini na mbili."

Kinyozi akasema labda yeye angerusha kamba kutoka ng'ambo, Mkaguzi akamwambia korongo ni pana, haifiki. Muuguzi naye akauliza kama jambazi anaweza kuruka. Hawezi.

"Sawa," akasema mke wa Bonge, asitishike. "Mtu akiwa mzito unampunguzia. Amebeba nini huyu?"

Akaanza kuisoma karatasi kwa sauti, na kila kitu alichokisoma alikitupa korongoni. Ngao, kilo kumi na mbili, ikaenda. Upanga ukaenda. Kikaango cha chuma, kilo nne. "Kikaango cha nini, na yai tu hajui kukaanga?" Kikaenda. Misumari kilo tatu, nyundo, sufi ya kujazia makochi gunia zima. "Jamani. Hata vitani alikwenda na sufi." Walikuwa wanacheka sasa, hata Mkaguzi alipita na penseli yake akitoa kilo huku mashavu yamemlegea, na kwa muda kidogo ilikuwa kana kwamba Bonge kakaa palepale anatetea kila kitu chake.

Akafika mstari wa chini kabisa. Aliusoma kimoyomoyo kwanza, halafu akausoma tena kwa sauti ndogo. "Mto mmoja wa kukalia, kilo moja. Wa mama watoto, siku akija."

Yeye akauweka mkono wake juu ya maandishi yale, akauacha hapo.

"Huu hautupwi," akasema.

"Hautupwi," Mkaguzi akakubali. Akajumlisha. "Pipa mwenyewe mia na kumi, na mto mmoja. Mia na kumi na moja." "Na wewe ni arobaini, shemeji."

"Kwa hiyo anaanguka."

Alilisema taratibu, bila kulaumu, na Mkaguzi akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akaangalia mikono yake, mikavu, ya mtu wa cherehani. Akaiangalia ile nne kwenye karatasi. Na yule aliyekaa ndani yake miaka ishirini na saba, yule asiyenywa chai ya wauza nyama, akainua kichwa. Mzani huu unasoma uongo, akawaza. Mzani ukisoma uongo hatugusi mzigo. Tunarekebisha mzani.

"Shemeji, nikuulize la kikazi. Siku ile alipoanguka, alikuwa na kilo ngapi?"

"Mia na kumi na nne. Alikuwa amepimwa wiki hiyohiyo, akagombana na daktari."

"Nani alimtoa bafuni?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Na nani tena? Watoto wako mbali. Nilimshika kwapani nikamvuta mpaka kwenye korido, nikamfunika, nikapiga simu."

"Kuna shahidi?"

"We Mkaguzi," Kinyozi akaguta, lakini Muuguzi alikuwa ameshaweka dadu zake chini.

"Mimi ni shahidi," akasema Muuguzi. "Nilikuja na gari la wagonjwa siku ile. Tulikuwa wanne, wanaume watatu na mimi, na kumpandisha kwenye machela tulihema. Nikamuuliza wifi nani kamleta hapa koridoni, akasema mimi. Sikumwamini mpaka nilipoiona mikono yake."

Mkaguzi akachukua kifutio, akaifuta ile nne mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Kisha akaandika, kwa tarakimu zake nadhifu za kwenye fomu: 11.4.

Kinyozi akainama kuangalia. Alikuwa mtu wa kupinga hata anapotaka kukubali. "Ngoja kwanza. Kitabu kinasema nguvu za binadamu mwisho ni kumi."

"Kinasema."

"Na hakuna nukta. Wewe mwenyewe mwaka juzi ulininyima nusu, nusu tu, nikaliwa na fisi."

"Kweli."

"Sasa?"

"Kitabu hakikuwepo bafuni," akasema Mkaguzi. "Mia na kumi na nne zimevutwa, shahidi yupo. Hapa ni mia na kumi na moja. Shemeji, mvute."

Mke wa Bonge akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Aliivua futi shingoni, akaizungusha kwenye viganja mara mbili, na Mkaguzi akaanza kusimulia kwa sauti waliyoisahau kuwa anayo. Akasimulia kamba inavyokata viganja na mawe yanavyoteleza chini ya miguu ya Bibi Tangawizi, akasimulia vidole vinene vinavyotokea ukingoni, kimoja, cha pili, kisha kipara, kisha tumbo lililokwama kidogo kwenye jiwe, na kila alichosema, yule mama aliivuta futi hatua moja nyuma, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa Kinyozi.

"Yuko juu," akasema Mkaguzi. "Amelala chali kwenye nyasi. Yuko salama."

Muuguzi alipiga meza kwa viganja vyote viwili. Kinyozi alikuwa analia wazi, akasema ni nywele za wateja, ingawa tangu Jumamosi hakuna aliyenyolewa pale.

"Karatasi yake iko mikononi mwako," Mkaguzi akamwambia mke wa Bonge. "Pipa anasema nini?"

Alifikiri kidogo huku akihema. Kisha akatoa sauti nzito, ya kifuani, sauti ile ile ya Bonge. "Umechelewa, mama watoto. Nilikwambia uje Jumapili."

Jamani, walicheka. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Na alipomaliza kucheka na kulia, maana alifanya vyote viwili bila kuona haya, mke wa Bonge akasema Pipa anafungua mzigo na kutoa ule mto, na Bibi Tangawizi anaukalia, kwa sababu amechoka.

Mkaguzi aliinuka, akakizunguka kile kiti kipana cha upande wa pili wa meza, akakivuta. Mama yule akakaa, na kikamzidi kwa kila upande.

"Pipa anabaki hapa," akasema baadaye, chai ilipokuja. "Hilo daraja limekatika na mimi namjua, haachi kazi ya watu hivihivi. Atalitengeneza. Akimaliza mimi navuka, nawafuata huko ng'ambo. Kuna nini huko?"

"Majambazi," Kinyozi akasema, akimtazama Muuguzi.

"Vizuri. Hawa wana kikohozi?"

Wakati wanabishana, Mkaguzi alifungua jalada la kitabu. Akaisoma kanuni yake ya wino: mwenyewe asipokuwepo, mtu wake hasogezwi. Akachukua kalamu, si penseli, akaongeza chini yake: isipokuwa aje mke wake.

Kinyozi, ambaye macho yake hayana adabu, aliisoma juu ya bega lake. "Hiyo kanuni mbona ni ya mtu mmoja tu?"

"Ndiyo," akasema Mkaguzi, akakifunga kitabu na kujimiminia chai. "Wa pili akitokea, tutampima."