Uzi Mwekundu kwa Uzi wa Buluu

Nakutegea hiki, nawe usikimbilie kujibu: ninaye mwalimu, kichwa na mabega nimeviona, miguu bado. Nikimjibu hanisikii, nikimzima hanuni. Ni nani? Ukishindwa sikudai mji. Mji nitautembelea vipi na magoti haya? Keti nikusimulie habari za wifi yangu, jibu litakuja lenyewe.

Wifi, dada wa mume wangu, ni fundi wa kudarizi kwenye karakana ya sare. Mashine yake ameikalia miaka kumi na tisa. Mteja huleta karatasi, naye huyahamishia maandishi kwenye kitambaa, yamenyooka kama yamepigwa rula. Basi siku moja akaja mpishi wa hoteli na aproni nyeupe. Karatasi yake ilisema MPISHI MKUU, na chini yake, UZI MWEKUNDU. Wifi akadarizi yote mawili, kifuani, kwa uzi wa buluu.

Mpishi aliporudi aliitazama aproni, akamtazama wifi.

"Mama fundi, hebu nisomee hapa. Mimi ni nani?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Wifi akashika uzi ambao haukuhitaji kukatwa, akaukata kwa meno. Mkuu wa karakana hakucheka. Alimwita pembeni.

"Baada ya miezi sita tunapokea sare za wauguzi sitini, kila moja na jina la mwenyewe. Kama husomi, mashine nampa mwingine. Wewe utarudi kwenye vifungo."

Alinisimulia jioni, uso kaugeuzia ukutani.

"Wifi, na ile miwani unayoisahau kila siku?"

"Miwani imo mkobani. Macho yangu mazima."

Miaka thelathini tumekula sahani moja. Mimi niliyeishia darasa la saba nilimsomea barua za mwanawe zote, nikidhani ni macho.

Saa kumi na moja jioni televisheni yetu ilikuwa na kazi moja: tamthilia. Mume alikuwa karibu kumtambua mke aliyedhaniwa amekufa. Alikuwa karibu tangu mwaka jana. Nikageuza stesheni. Huko kulikuwa na somo la kusoma la watu wazima, na mwalimu mwenyewe, kichwa na mabega. Jibu la kitendawili umelipata. Mwalimu huandika neno, akauliza, "Neno hili ni lipi?" Kisha hukunja mikono, akakukazia macho, kimya.

Wifi naye akakunja yake. Wiki nzima walitazamana kama wake wenza.

"Mjibu basi," nikamwambia.

"Nikikosea?"

"Hakusikii, yumo kwenye kioo."

"Wewe unasikia."

Nikachukua beseni nikatoka kuanika nguo. Zilikuwa kavu, nikazianika hivyo hivyo. Kupitia dirishani nikasikia sauti ndogo: "U... zi. Uzi." Kisha kicheko.

"Wifi, njoo. Kumbe huyu kibakuli ndiye U. Nimemdarizi miaka yote hii hatujawahi kuamkiana."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mkono wake ulizijua herufi zote, tena kuliko wangu. Zilikuwa tu hazijamtajia majina yao. Tangu siku hiyo hakushikika. Alisoma paketi za sabuni, akasoma mlango wa choo cha kliniki, akasoma chupa yangu.

"Wifi, dawa hii ya kikohozi ilikwisha muda wake mwaka juzi."

Nikatamani kurudi kwenye tamthilia.

Sare zilipofika nilimsindikiza. Mkuu wa karakana akampa orodha, akasimama nyuma yake, mikono mfukoni. Wifi akapitisha kidole jina baada ya jina, midomo ikicheza, polepole mno mpaka nikajikuta nimebana pumzi. Akafika chini. Akarudi juu. Akashuka tena.

"Bosi, namba saba na namba arobaini ni mtu mmoja. Wauguzi ni hamsini na tisa, au kuna mmoja umemsahau."

Mkuu akaichukua karatasi, akaisoma, akairudia. Akaenda kupiga simu. Aliporudi alikuwa na jina la yule muuguzi aliyesahauliwa, kaliandika kwa mkono wake, akaliweka juu ya mashine.

"Endelea, fundi," akasema. "Mashine ni yako."

Nilikuwa bado natafuta leso nilipomwona mpishi mlangoni, aproni ileile mkononi, imefuliwa mpaka imelainika.

"Nataka nyingine kama hii," akasema. "Huko jikoni hakuna tena aniitaye Mkuu. Naitwa Uzi Mwekundu, nami nimezoea." Akaitandaza mezani. "Ila nilikuuliza swali, mama fundi, ukaniacha nalo. Hebu nisomee hapa. Mimi ni nani?"

Cherehani zikanyamaza, moja baada ya moja. Wifi akaunyoosha mkunjo wa kifuani kwa kiganja. Miwani akaiacha mkobani.

"Mpishi Mkuu Uzi Mwekundu," akasema. "Ila uzi wenyewe ni wa buluu."