Zile za Pembe Tano

Jumatatu ya wiki ya tisa baada ya mazishi, Fundi alipanda juu ya kiti akalishusha kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati la nguo. Hakuwa na hamu ya kugusa vitu vya mkewe, lakini binti yao alikuwa amempigia simu asubuhi.

"Baba, Jumamosi mtoto anatimiza miaka saba. Anasema Bibi alimwahidi mnyama wa kufuma. Wewe usihangaike, nitamnunulia kitu dukani. Nakuambia tu, akikuuliza usishtuke."

Fundi alishtuka papo hapo. Miaka thelathini na nane aliyoishi na mwanamke yule, hakuwahi kumsikia akimwahidi mtoto kitu kisha asimpe. Kama aliahidi, basi alishaanza kazi. Na kama alishaanza, kazi iko ndani ya kopo.

Ndani alikuta kichwa chenye macho ya vifungo, kifungo kimoja kikubwa kuliko mwenzake. Akakuta mkia, na miguu iliyokwisha kujazwa pamba. Aliihesabu miguu, akaihesabu tena. Mitano.

"Mke wangu," alisema kwa sauti, "mnyama gani huyu?"

Chini ya miguu kulikuwa na vipande bapa vya sufu, kila kimoja upana wa kiganja, vimepangwa kama sahani kabatini. Rangi zake alizijua zote. Mkewe alikuwa akifuma masweta ya shule, na mabaki ya uzi hayatupwi: bluu ya shule ya barabarani, kijani ya shule ya watawa, hudhurungi ya ile shule ambayo walibadilisha sare mara tatu wakamtia wazimu. Vipande kumi na kimoja. Na kila kimoja kilikuwa na pembe tano.

Sasa, mtu akiweka vigae maisha yake yote, ukimpa vitu bapa kumi na kimoja atafanya nini? Fundi alifuta meza, akavilaza vipande na kuanza kuvipanga katikati kwenda nje, kama sakafu. Viwili vilikaa vizuri ubavu kwa ubavu. Cha tatu kilipoingia, pakabaki mwanya kama kabari. Akausogeza huku, ukafunguka kule. Akaleta hata ile misalaba midogo ya plastiki ya kutenganisha vigae. Mwanya ukabaki palepale, unamtazama.

Kesho yake shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimkuta bado ameinamia meza, miwani puani.

"Haya! Shemeji, sakafu zimekwisha mjini mpaka unaweka vigae mezani?"

"Njoo uone. Dada yako alikosea hesabu. Hivi vitu havikai."

"Dada yangu hakuwahi kukosea."

"Basi panga wewe."

Shemeji alikaa, akapanga, akapangua. Naye alijua kufuma, ingawa marehemu alikuwa akisema mdogo wake anafuma kama anayekimbizwa. Mwishowe alivikusanya vyote akavipanga fungu moja kama karata.

"Tufumue. Uzi wenyewe bado mzuri. Nitamfumia mtoto tumbo la duara kama mpira, Ijumaa limekwisha."

Fundi aliweka viganja vyake viwili juu ya vipande. Vilikuwa viganja vipana, vimepasuka kwa saruji.

"Hakuna kitakachofumuliwa hapa."

"Shemeji, hata mimi naumia. Lakini mtoto hawezi kupewa kopo la biskuti."

"Nipe muda."

"Mpaka Alhamisi. Nakuja na mkasi."

Shemeji akaondoka. Fundi alilijua fika jambo lililokuwa likimkera, ila hakutaka kulisema. Miaka mingi nyuma, mteja mmoja alimletea maboksi ya vigae vya pembe tano, eti kavikuta dukani, vizuri, havina mfano mjini. Fundi alipiga magoti katika sebule ya mtu yule siku mbili nzima. Alijaribu kutoka katikati, akajaribu kutoka ukutani, mwishoni akakiri kwamba kazi imemshinda. Ndiyo kazi pekee iliyowahi kumshinda. Aliporudi nyumbani na kusimulia, mkewe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa sweta alilokuwa akifuma. Tangu siku ile, kila Fundi alipoanza kujisifu mbele ya wageni kwamba hakuna sakafu asiyoiweza, sauti ya upole ilitoka jikoni:

"Na zile za pembe tano?"

Jumatano asubuhi alirudi mezani akiwa amekasirika. Alichukua vipande vitatu, akavikutanisha, akautazama ule mwanya. Kigae angekikata. Kipande cha sufu hakikatwi, lakini kinavutika. Kwa hasira tu alizishika kingo mbili zilizoachana, akazivuta zikagusana, akazibana kwa pini.

Vipande vikainuka.

Havikulala tena mezani. Vilisimama, vikafanya pembe kama paa dogo. Fundi alitoa mkono polepole, kama mtu aliyeona ndege. Kisha akaweka kimoja katikati, akakizungushia vitano, akabana kila mwanya kwa pini. Likatokea bakuli. Bakuli zima la sufu, ukingo wake una meno ya kupanda na kushuka. Akashika vile vitano vilivyobaki akafanya vivyo hivyo, likatokea bakuli la pili, lenye pengo. Alipoligeuza la pili juu ya la kwanza, meno ya hili yaliingia katika mapengo ya lile bila kulazimishwa, ubavu kwa ubavu, sawasawa, kazi ambayo fundi yeyote angeipigia saluti.

Ulibaki mwanya mmoja tu. Nao ulikuwa na pembe tano.

"Na zile za pembe tano?" Aliisikia kabisa, kama inatoka jikoni.

Fundi alikaa chini akacheka. Alicheka peke yake mezani mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama yu salama. Mkewe hakuwa amekosea popote. Alikaa na kazi ile kichwani miaka yote hiyo, akaitafutia jibu kwa sindano: vigae vile havikutaka sakafu.

Alhamisi Shemeji aliingia na mkasi wake. Fundi alimwekea tufe mikononi. Shemeji aliligeuza, akaligeuza tena, akakaa kitako.

"Dada yangu wewe," alisema taratibu. Kisha akapenga kamasi na kurejea katika hali yake. "Kimebaki kimoja. Lete uzi, nusu saa nimemaliza."

"Nifundishe mimi."

"Wewe? Kwa vidole hivyo? Shemeji, hii ni sindano, si mwiko wa saruji."

"Nifundishe."

Katika kopo ulikuwa umebaki uzi wa rangi moja tu, kijivu.

"Rangi ya saruji," alisema Shemeji. "Hata yeye alijua nani atamalizia."

Wakaanza. Vitanzi sitini juu ya sindano fupi tano, kumi na viwili kila ubavu, na sindano ya sita ya kufumia. Mzunguko mmoja unafuma tu. Mzunguko unaofuata, katika kila pembe vitanzi vitatu vinafanywa kimoja, na kipande kinajifunga kuelekea katikati. Kwa maneno ni rahisi. Fundi alidondosha vitanzi, akaviokota, akajichoma, akatukana kwa heshima kwa sababu shemeji yupo.

"Legeza mkono! Unakaza kama unamfunga mbuzi."

"Kikilegea kitabomoka."

"Hakuna kinachobomoka hapa, ni sufu hii!"

Cha kwanza kilitoka kidogo kama kitambaa cha kufutia miwani. Kilifumuliwa. Ijumaa mchana alimaliza cha pili. Kilikuwa kigumu, kimekaza, lakini kilipovutwa kingo zake zilifika pande zote tano za mwanya. Wakajaza pamba, wakashona. Vipande vya marehemu vilivimba vizuri kama mashavu. Cha kijivu hakikuvimba hata kidogo.

"Kiwekwe chini, tumboni, kisionekane," alisema Shemeji.

"Naam," alisema Fundi. "Hata sisi kigae kibaya tunakificha nyuma ya mlango."

Ndipo walipoielewa ile miguu. Tumbo la kijivu lilikuwa na pembe tano, na kila pembe ilipata mguu wake.

Jumamosi mjukuu aliingia mbio, viatu mkononi, akamnyakua mnyama kabla hata ya kuamkia. Alimbusu macho yote mawili. Kisha akampindua miguu juu, kama watoto wanavyofanya.

"Babu, hiki kijivu mbona kigumu? Hiki hakufuma Bibi."

Binti yake Fundi alifungua mdomo, lakini Fundi akamtangulia.

"Nimefuma mimi. Bibi alifuma vyote, hicho kimoja kikabaki kwangu."

Mtoto alikikwaruza kwa ukucha, akifikiri. Akamweka mnyama sakafuni, juu ya vigae ambavyo Fundi mwenyewe aliviweka mwaka aliooa. Mnyama alitulia wima kwa tumbo lake bapa, miguu imetawanyika pande zote, mkia nyuma. Akamlaza ubavuni, juu ya shavu la bluu. Mnyama akabingirika mpaka chini ya kiti. Akamrudisha juu ya kijivu. Akatulia tena.

"Anakaa kwa hiki cha Babu tu," mtoto alitangaza. "Kwingine kote anaanguka."

"Msikieni huyo!" alisema Shemeji. "Sasa tutalala kweli humu ndani? Ataanza tena kujisifu kwa wageni."

"Kwani kuna sakafu gani nisiyoiweza?" alisema Fundi, na bila kutaka akageuza kichwa kuelekea jikoni, akangoja.

Jikoni palikuwa kimya. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi, shavu sakafuni, anahesabu pembe za tumbo la kijivu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne.

"Tano," alisema Fundi, akapiga magoti pale vigaeni karibu naye. "Ziko tano. Njoo nikusimulie kuhusu mteja mmoja na maboksi yake, tena Bibi yako alicheka sana siku ile."