Wiki Ambayo Bahari Haikuwapo

Jumatano, tarehe 21 Agosti 2013. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa ya rasharasha, ile isiyomlowanisha mtu mara moja bali humwingia polepole mpaka kwenye mifupa. Upepo ulivuma kutoka upande wa bahari ukileta harufu ya tope. Bahari yenyewe haikuonekana.

Glenda Pargeter alisimama mlangoni mwa karavani, nyumba ya magurudumu waliyoikodi kwa likizo, akiwa na kikombe cha chai mkononi, akiomba. Aliomba macho wazi, maana bintiye, mkwewe na mjukuu wake walikuwa wamelala nyuma yake tu, na hakutaka waamke wamdhanie mgonjwa. "Bwana, asante kwa paa hili," alisema moyoni. Tone likaanguka kutoka kwenye paa hilohilo, likalia ndani ya sufuria.

Tangu walipofika Jumamosi kutoka Tipton, sufuria zote zilikuwa zimepewa kazi hiyo ya kukinga maji, ndiyo maana mayai waliyakaangia kwenye sinia la kuokea. Bwawa la kuogelea lilikuwa limefungwa. Tangazo mlangoni pake liliwaomba wageni radhi na kuwatakia likizo njema. Yule mtu anayevaa vazi la kasuku ili kuwachekesha watoto alikuwa anaumwa mgongo. Mito ya kulalia ilinuka mbwa wa watu wengine. Na maji, katika pwani ile ya Somerset, yakipwa hukimbilia mbali mpaka kubaki mstari mwembamba unaong'aa kama ukingo wa bati. Wiki hiyo ilikuwa ya bamvua, maji yakipwa na kujaa kupita kawaida, na kila yalipojaa, ama walikuwa wamelala ama mvua ilikuwa imewafungia ndani.

"Bahari nayo imechukua likizo," alisema Craig, mkwe wake, alipoamka na kuchungulia dirishani. "Ila yenyewe imekwenda Hispania. Ina akili kutuzidi."

"Ni pazuri hapa," alisema Glenda. "Hewa safi."

"Hewa ipo, Glenda. Hilo siwezi kukataa. Iko hata ndani ya godoro."

Donna, binti yake, hakucheka. Alikuwa na mimba ya miezi saba, mgongo ukimuuma kwa kulala kwenye kochi linalokunjuka, na alimtazama mama yake kwa namna ambayo Glenda aliifahamu vizuri.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwakani Donna atakaporudi kazini, mtoto atahitaji mtu wa kumlea mchana. Glenda alikuwa amestaafu, nyumba yake ilikuwa karibu, na tangu alipopata habari ya mimba hiyo hakuwa ameomba kitu kingine kwa bidii kama hicho. Alipomwambia Donna, alijibiwa, "Tutaona baada ya likizo, Mama." Kwa hiyo hii haikuwa likizo tu.

Sababu ya "tutaona" hiyo waliijua wote wawili. Miaka minne nyuma, Clive, mume wa Glenda, aliugua mapafu. Donna alikuwa akiishi Leeds wakati huo, na bintiye Tilly alikuwa bado anajifunza kukimbia. Kila Jumapili Donna alipiga simu, na kila Jumapili Glenda alimjibu, "Baba yako hajambo, ana kikohozi tu. Usijisumbue na safari." Alimwambia hivyo kwa kumpenda. Siku Donna alipokuja, alikuta kitanda cha baba yake kimetandikwa shuka safi, na hakuna mtu ndani yake.

Na Glenda hakuwa amebadilika. Jumatatu yeye na Donna walikuwa wamekwenda ofisini mwa kambi ya likizo, Glenda akiwa amekumbatia mto uliolowa chapachapa ili wabadilishiwe. Msichana wa mapokezi alitabasamu na kuuliza kama likizo yao ni nzuri.

"Nzuri sana, mpenzi, asante," alijibu Glenda.

"Mama," alisema Donna, "umeshika mto unaochuruzika."

"Si kosa lake, mtoto wa watu."

"Sijasema ni kosa lake. Nimesema mto umelowa." Kisha, walipotoka nje, mto ukiwa bado mikononi, alisema kwa sauti ya chini, "Hivi ndivyo ulivyofanya kwa Baba."

Basi Jumatano hiyo Donna na Craig walikusanya matandiko yote ili wayapeleke mjini kwenye mashine za kukaushia. Donna alisita mlangoni, kisha akasema neno ambalo Glenda alikuwa akilingojea tangu Jumamosi.

"Tilly abaki na wewe. Nendeni kwenye ukuta wa bahari mkatazame. Lakini msipite kile kibao cha onyo la tope, Mama. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu."

Gari lilipoondoka, Glenda alishukuru. Kisha yeye na Tilly wakavaa gambuti za mpira na makoti ya mvua, wakapanda ukuta wa bahari na kutazama. Mbele yao palikuwa na mchanga, kisha tope, kisha tope zaidi.

"Bibi," alisema Tilly, ambaye alikuwa na umri wa miaka sita na maswali yasiyoisha, "bahari ipo kweli, au wanatudanganya?"

"Ipo, mpenzi."

"Wewe umeiona?"

"Nimeiona mara nyingi."

"Wiki hii?"

Glenda alimtazama mtoto, na huruma ikamzidi akili. Wiki nzima mtoto huyu alikuwa ameambiwa kesho, kesho. Mchanga ulionekana mgumu. Kile kibao cha manjano, chenye picha ya mtu aliyezama mpaka kiunoni, kilikuwa mbali kidogo, na watu wengine walikuwa wameacha nyayo zao kukipita. "Njoo," alisema. "Leo utaigusa."

Walikifikia kibao wakakipita. Ardhi ilikuwa imara, na Glenda akajiambia kwamba vibao kama hivyo huwekwa na watu waoga. Tilly alimchomoka mkononi akakimbia mbele, akicheka, mikono hewani. Halafu akasimama ghafla. Kicheko kikakatika.

"Bibi, mguu wangu hautoki."

Alipojaribu kuuvuta mguu mmoja, ule mwingine ulizama zaidi. Tope lilifika juu ya gambuti, likafika magotini. Glenda alimkimbilia, na hatua tatu kabla hajamfikia, miguu yake mwenyewe ilizama mpaka kwenye vifundo. Alinyoosha mkono. Haukufika.

"Yesu," alisema kwa sauti. "Yesu, Yesu, tusaidie." Kisha akageuka na kupiga kelele kuelekea ukutani kwa nguvu ambazo hakujua kwamba bado anazo.

Waliomsikia walikuwa jirani zao, Reg na Avis Fowkes, wazee wawili wenye karavani yao wenyewe, wanaokuja pale kila mwaka. Avis alikuwa anapiga pasi barazani mwao, chini ya turubai. Glenda alimwona Reg akishuka ngazi za ukuta, mzee wa kitambi, akikimbia na ubao wa kupigia pasi kwapani. Avis alimfuata nyuma akiwa na shati mkononi.

"Usivute miguu, binti!" Reg alipiga kelele. "Kaa! Kaa kama unakalia kiti!"

"Nitachafuka!" alilia Tilly.

"Umeshachafuka, malkia wangu! Kaa!"

Reg aliulaza ubao juu ya tope, akalala kifudifudi juu yake, akajisogeza kama mtu anayeogelea. Alimshika Tilly chini ya makwapa na kumwambia achezeshe vidole vya miguu, polepole, aziache gambuti. Mguu mmoja ulitoka. Wa pili uligoma, kisha nao ukatoka kwa sauti mbaya ya kunyonya. Gambuti zilibaki palepale na tope likazifunika. Avis alimvuta Glenda kwa shati la mumewe mpaka naye akakanyaga pagumu.

Kwenye karavani ya akina Fowkes, Avis alimwogesha mtoto kwa maji ya moto na kumpa biskuti na soksi za Reg zilizomfika mapajani. Tilly alikuwa ameshaanza kujisifu. Glenda alikaa ngazini, tope likimkaukia usoni.

"Hajaumia hata ukucha," alisema Avis, akimpa chai. "Ya nini kumsumbua mjamzito? Sema gambuti zimeibwa. Huku zinaibwa kila siku."

"Mimi sijaona kitu," alisema Reg. "Nilikuwa napiga pasi."

"Wewe?" alisema Avis. "Donna atajua ni uongo kabla hujafunga mdomo."

Tilly alitoka mlangoni akiburuta soksi. "Bibi, tutamwambia Mama?"

Glenda alifumba macho, safari hii bila kujali nani anamwona. Shukrani zilimjia kwa wingi: asante kwa mtoto huyu, asante kwa mzee huyu na ubao wake, asante kwa masikio yaliyonisikia. Katikati ya shukrani hizo aligundua kitu kilichomwogopesha. Upande mwingine wa moyo wake ulikuwa umeshaanza kupanga maneno. Gambuti zimeibwa. Tulishinda ukutani. Tumefurahi sana. Alikuwa anamshukuru Mungu na kutunga uongo kwa mdomo uleule. Akakumbuka kwamba ndivyo alivyokuwa akishukuru kila Jumapili baada ya kukata simu ya Leeds.

"Tutamwambia," alisema. "Mimi ndiye nitakayemwambia."

Donna na Craig walirudi saa nane, mikono imejaa matandiko yenye joto. "Haya," alisema Donna, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alikuwa anatabasamu. "Mmeshindaje?"

Ile "nzuri sana" yake ilipanda mpaka kwenye meno. Ilikuwa imezoea njia. Glenda aliimeza.

"Vibaya," alisema. "Donna, nimempitisha Tilly kwenye kibao. Amezama kwenye tope mpaka magotini, na mimi sikuweza kumfikia. Reg ndiye aliyemtoa. Hajaumia. Ulinikataza, nikakaidi. Kosa ni langu, si la mtoto."

Matandiko yalianguka. Donna alipiga magoti kwa shida, akampapasa Tilly miguu, mikono na kichwa, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea.

"Nilikuambia msikipite."

"Uliniambia."

"Kibao kina picha, Mama! Mtoto mchanga angeelewa!"

"Ndiyo."

Donna alingoja, kama anayengoja maneno mengine, kwamba mchanga ulikuwa mgumu, kwamba wengine walipita, kwamba hakuna aliyeumia. Glenda hakuyasema. Donna akainuka, akachukua koti lake na kutoka.

"Mwache kwanza, Glenda," alisema Craig. Hakuongeza mzaha wowote.

Alasiri ilipita hivyo. Kupitia dirishani Glenda aliuona mgongo wa Donna juu ya ukuta, mkono mmoja kiunoni, akienda na kurudi. Mtoto ajaye hataletwa kwake. Alilijua hilo kama mtu anavyoujua uzito wa kitu alichokibeba. Lakini yule aliyepo alikuwa mezani anakula tosti na maharage, mdomo mwekundu kwa mchuzi wa nyanya, akieleza kwa mara ya kumi jinsi tope lilivyotaka kumla. Glenda alishukuru hata hivyo, na safari hii hakuongeza kitu.

Jioni Avis aliwaita wote kwenye baraza lao la turubai, maana hilo halikuvuja. Reg alikuwa ameleta samaki wa kukaanga na chipsi kutoka ukumbi wa kambi. Walikula kwenye karatasi, wamebanana, siki ikinukia. Donna aliingia wa mwisho, nywele zikidondosha maji. Alikaa mkabala na mama yake, akachukua chipsi za Craig bila kumwomba, akala.

"Nina hasira na wewe," alisema hatimaye.

"Ni haki yako."

"Nikimfikiria Tilly pale kwenye tope, nataka kupiga kelele."

"Kweli."

"Ungeweza kunificha. Huyu hapa," alimwonyesha Reg kwa chipsi, "ameniambia ukutani kwamba yeye alikuwa anapiga pasi."

"Nilijaribu," alisema Reg, akimtazama mkewe kwa woga.

"Nilikuambia," alisema Avis.

Donna hakuwacheka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Miaka minne, Mama. Miaka minne nimengoja uniletee habari mbaya wewe mwenyewe, mapema, nikiwa bado naweza kufanya kitu. Nilikuwa nazunguka pale ukutani nikikulaani, halafu nikajikuta nakuamini. Sijui hata ni kwa nini. Ulinitazama machoni ukasema vibaya."

"Sitaki mlezi asiyekosea," alisema Donna. "Hayupo. Nataka atakayenipigia simu. Mtoto nitakuletea mwakani, lakini kwanza nataka neno lako. Na si la kuninong'oneza jikoni. Liseme hapa, wakusikie."

Glenda alifuta mikono kwenye koti. Akasimama, kichwa kikigusa turubai.

"Kama harusini," alinong'ona Craig, na Tilly akamwambia anyamaze.

"Donna, mwanangu," alisema Glenda, "mbele ya mume wako na Tilly, mbele ya Reg na Avis, na mbele za Mungu anayenisikia: likitokea baya, kwa mtoto wako au kwangu, hata kama ni mimi ninayekufa, utalisikia kutoka kinywani mwangu siku hiyohiyo. Sitakuambia tena ni nzuri wakati si nzuri. Naahidi."