Benchi la Ruddock

Tangu zamu ya sita kati ya tisa, hakuna aliyemsemesha Corey Ruddock. Ndivyo wacheza besiboli walivyo: mrushaji ambaye wapigaji bado hawajaupata mpira wake huachwa peke yake mwisho wa benchi, na atakayemsemesha amemtia nuksi. Sasa ilibaki zamu moja tu, na uwanja mzima wa Weldon ulikuwa umesimama.

Juu, kwenye chumba cha vioo, mwenye timu, Harlan Detweiler, alikuwa ameloa jasho. Asubuhi daktari alimwonyesha picha ya kiwiko cha Ruddock: mshipa umeanza kuchanika, na ukikatika, kazi imekwisha. Yeye na kocha wakakubaliana kijana aambiwe baada ya mchezo. Angerusha kidogo tu, kisha atolewe. Nani alijua kwamba siku hiyohiyo angewatesa wapigaji namna ile? Detweiler alimpigia kocha simu mara kadhaa, na kila mara kocha alijibu kwamba akimtoa sasa, mji utamchuna ngozi.

Na huyu Detweiler, jamani, alitajirika kwa nini? Kwa uwakili, kwa kuwaburuta mahakamani wenye viwanda waliojua kwamba vumbi linaozesha mapafu ya wafanyakazi wao, wakanyamaza. Hata timu aliinunua kwa fedha hizo hizo. Na leo yeye ndiye aliyenyamaza. Akashuka ngazi mbio, na kitambi chake chote.

Wachezaji walipomwona anaelekea mwisho wa benchi, roho ziliwaruka.

"Mzee, usithubutu," mmoja alimnong'oneza.

Hakusikia la mtu. Aliketi kando ya Ruddock, akamweleza yote aliyoyasema daktari.

Ruddock hakumtazama. "Unaniambia kama wakili au kama bosi?"

"Kama wakili. Bosi wako alijua tangu asubuhi, akanyamaza."

"Na huyo wakili anasemaje?"

"Usirushe hata mmoja. Halafu unishtaki mimi."

Mwamuzi alikuwa ameshaanza kuwaita waingie. Watu waliimba jina la Ruddock hadi mabati ya paa yakatetemeka. Detweiler alingoja atukanwe, na moyoni aliona anastahili. Kijana aliinamia magoti yake, machozi yakimdondoka.

"Mkono unaniuma tangu zamu ya saba," alisema. "Nilikuwa nangoja mtu yeyote aniulize."