Mkono Ulioshuka Merribindi

Glenys Hobday alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga ukumbi wa wale wapenda treni wa Burrawen, na kiapo hicho alikishika mpaka akafikisha miaka arobaini na tisa. Kilichomponza ni chai. Noreen, rafiki yake wa tangu shule, ndiye aliyekuwa akiwamiminia chai kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mwezi huo alikuwa amevunjika kifundo cha mguu.

"Njoo unisaidie kubeba sinia tu, shosti," Noreen alimbembeleza. "Huna haja ya kuwasikiliza. Mimi mwenyewe miaka yote hii siwasikilizi."

"Yule Lindsay Pargeter akinisemesha, nammwagia birika."

"Mmwagie. Lakini skonzi ziwe zimeshaliwa."

Si kwamba Glenys alikuwa mtu wa visirani. Alikuwa binti wa Clarrie Hobday, na mjini Burrawen hilo lilitosha. Agosti ya mwaka hamsini na sita, Clarrie alikuwa akiendesha treni ya ngano. Alipofika Merribindi, kijisehemu cha porini ambako treni zilikuwa zinapishana, akakata kona na kuivaa kwa nyuma treni ya abiria iliyokuwa imesimama kwenye njia hiyohiyo. Watu watatu walikufa. Mmoja wao alikuwa Vern Tully, kijana wa miaka ishirini na miwili, mtia makaa wake mwenyewe.

Clarrie alisema siku ileile, akasema mbele ya tume ya uchunguzi, na akasema tena kitandani kabla hajakata roho, kwamba mkono wa ishara, ule wa chuma juu ya mti kando ya reli, ulikuwa umeshuka. Umeshuka maana yake pita. Arch Pargeter, aliyekuwa zamu ya kuvuta ishara, yeye alisema ulikuwa umenyooka, na umenyooka maana yake simama. Wakubwa wa reli wakamwamini Arch. Arch alistaafu kwa hotuba na saa ya dhahabu. Clarrie aliteremshwa kwenye injini akapewa ufagio, akazoa majivu kwenye karakana miaka kumi na minane, mbele ya vijana aliowafundisha kazi yeye mwenyewe. Mkewe alikuwa akiingia dukani, wenzake wanakumbuka ghafla kwamba wana jambo la kufanya nje. Na sasa mtoto wa Arch, Lindsay, mzee wa miaka sitini na minne, ndiye aliyekuwa bingwa wa chama cha wapenda treni. Hebu niambie, wewe ungekwenda?

Alikwenda kwa ajili ya Noreen.

Saa tisa mchana mapazia yalifungwa, watu kama thelathini wakakaa na vikombe vyao magotini, wengi wao wastaafu wenye fulana za sufu zilizofumwa na wake zao. Lindsay akasimama mbele na fimbo yake ya kuonyeshea. Alikuwa na sauti nzuri, hilo tusimnyime.

"Kitendawili!"

"Tega!" ukumbi ukaitikia.

"Nanywa kuliko ng'ombe mia, nala mawe, na nikipiga chafya kijiji kizima kinafua nguo upya."

"Injini ya mvuke! Hiyo umewatega wajukuu, Lindsay!"

"Haya, tulieni. Kitendawili!"

"Tega!"

"Sina miguu, sina kichwa, nina mkono mmoja tu. Nikiunyoosha, jitu la tani mia mbili linasimama. Nikiushusha, linapita."

"Ishara!"

Kule nyuma Glenys aliweka kikombe juu ya sinia kwa kishindo. Mtoto wa Arch Pargeter, hadharani, anafanyia mzaha mkono wa ishara! Uso mkavu kabisa! Noreen akamgusa kiwiko. Glenys akavuta pumzi, akaendelea kugawa skonzi.

Vikaisha vitendawili, ukaja mchezo wenyewe, ule ambao watu walikuwa wanatoka miji ya mbali kuufuata. Waliuita Niko Wapi. Lindsay aliweka slaidi kwenye projekta, picha ikatokea ukutani kubwa kama mlango wa ghala, na wao wakakisia ni mahali gani. Hawa watu bwana! Wanatazama kivuli cha tangi la maji, wanatazama kokoto za njia, mtu anasema huku ni kusini mwa Cowra kilomita sita, na kweli ni kilomita sita. Picha tano zilipita hivyo, kwa kelele na kutaniana.

"Na sasa," Lindsay akasema, "mzee wetu wa kila Agosti."

Ukumbi mzima ukaguna na kucheka. Walikuwa wanaijua. Mwaka wa ishirini huo anawawekea picha ileile, na mwaka wa ishirini huo hakuna aliyepata. Injini inakuja, moshi umepinda, namba yake imefunikwa kwa utepe mweusi aliobandika Lindsay kwenye slaidi.

"Gulgong!"

"Ulisema Gulgong mwaka jana, Bert."

"Basi wamehamisha kilima."

"Binnaway!"

"Wapi! Nipeni mji."

"Chukua Sydney!"

"Nimefika Sydney, nimekula chaza, nimelala hotelini kitanda chenye mito minne, nikapita darajani nikiwapungia mkono maskini nyinyi. Na jibu," akasema Lindsay, "siwapi. Mpaka mwakani."

Wakacheka tena. Mimi hapo ndipo ninaposhindwa kuwaelewa. Mtu ukishampa mji, anakupa jibu. Hata mtoto wa miaka mitano anajua. Miaka ishirini mtu anapewa miji, anakula, anashiba, jibu hatoi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza, bwana, kulikoni?

Glenys alikuwa katikati ya safu za viti, sinia mkononi, akainua macho kwa bahati tu.

Aliona kilima chenye kilele kilichopasuka. Aliona jiwe kubwa kando ya njia, limelala kama ng'ombe. Kilima kile na jiwe lile alikuwa anavijua kuliko jikoni kwake. Kila Jumapili ya kwanza ya Agosti, tangu akiwa na miaka kumi mpaka alipoolewa, baba yake alimchukua kwa miguu kupitia mashamba ya watu, hata baada ya reli yenyewe kung'olewa, akamsimamisha palepale na kumwambia, "Tazama, mwanangu. Niliuona kutokea hapa." Na dirishani mwa injini, kiwiko nje, kofia imegeuzwa nyuma mbele ili upepo usiichukue, alikuwa baba yake.

Mbele ya injini, juu ya mti wake, mkono wa ishara ulikuwa umeshuka.

"Merribindi," Glenys alisema.

Hakupaza sauti, lakini Lindsay alizima projekta papo hapo. Ukumbi ukawa giza.

"Washa," alisema Glenys.

"Tupumzike kidogo, jamani, tunywe—"

"Washa, Lindsay! Ama nije niwashe mwenyewe!"

Mtu alifungua pazia. Glenys akamkabidhi Bert sinia, akaenda mbele, akaichomoa slaidi ikiwa bado ya moto. Lindsay alinyoosha mkono kuizuia, akautazama uso wa Glenys, akaurudisha. Utepe mweusi ulikuwa umefunika pia kingo za karatasi za slaidi. Glenys akaubandua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo ya wino, naye akayasoma kwa sauti ili wote wasikie.

"Merribindi. Tarehe tisa Agosti, hamsini na sita. Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi. Treni ya ngano, dereva Hobday."

Hakuna mtu Burrawen ambaye hakujua tarehe hiyo. Ajali ilitokea saa tatu kasoro dakika nane.

"Ulikuwepo," Glenys alisema.

"Nilikwenda kumpelekea baba chakula," alisema Lindsay. Sauti yake nzuri ilikuwa imekwenda. "Nilipenda kupiga picha treni. Ikapita, ikakata kona. Kisha nikasikia."

"Ukasikia. Na baba yako akasimama mbele ya tume akasema mkono ulinyooka."

"Alisahau kwamba treni ya abiria bado imo njiani. Alisahau tu, Glenys! Alikuwa amekesha zamu mbili. Ningeitoa picha, wangemfunga. Baba yangu mzazi! Wewe ungefanyaje?"

"Sijui ningefanyaje! Nilikuwa na miaka tisa, nikitemewa mate shuleni! Lakini hesabu hii naijua. Baba yako alikufa mwaka sabini na sita. Wangu alikufa themanini na tano. Miaka hiyo tisa, Lindsay, ulikuwa unamlinda nani? Arch yuko kaburini, hakuna jela inayomfuata huko. Baba yangu wakati huo yuko hai, anapita nje ya dirisha hili kwa baiskeli yake, na nyinyi humu ndani mmembandika ukutani mnasema Gulgong, Binnaway!"

"Sisi hatukujua, mama," Bert alisema, sinia bado mikononi.

"Sisemi na wewe, Bert."

Lindsay alikaa kwenye kiti cha mbele. "Nilitaka mtu aitambue," alisema. "Kwa sababu gani nyingine ningeiweka? Kila Agosti nilisema moyoni, leo kuna mtu atainuka aseme Merribindi, na mimi nitakubali, yaishe. Mkono ulikuwa pale, sikuuficha. Niliificha namba na maandishi tu. Nilikuwa namngoja mtu."

Ghadhabu aliyokuja nayo Glenys, ile ya zamani aliyoizoea, ikapandiwa na nyingine mpya kabisa.

"Ulikuwa unamngoja mtu. Mdomo huna? Mdomo wa kula Sydney unao, wa ng'ombe mia unao, wa kumwambia Clarrie Hobday maneno mawili huna? Ulitaka wengine wafumbue, ili wewe usiwe umesema. Mwoga mkubwa we!"

Mwenyekiti wa chama, mtu mpole, alisimama akasema wataandika barua kwa wakubwa wa reli, Jumatatu, waambatanishe na picha.

"Mtaandika, na nitaisoma kabla haijatumwa," Glenys alisema. "Lakini kwanza huyu anakwenda na mimi kwa Bi Tully."

Lindsay akainua kichwa. "Mama yake Vern? Ana miaka tisini na moja. Mshtuko utamuua. Nipe mpaka kesho, nijiandae nitamwambia vipi."

"Miaka arobaini hukujiandaa? Inuka."

Akainuka. Pikapu ya Glenys ilikuwa nje, akampakia, akaendesha hadi kwenye nyumba ya wazee ya upande wa pili wa mji, na njia nzima gia zilikuwa zinalia. Mama wa Vern hakuwahi kumsalimia Hobday yeyote tangu mazishi ya mwanawe. Wakikutana njiani alikuwa anavuka barabara, hata miguu ilipokuwa haimbebi vizuri. Kati ya watu wote wa Burrawen, Glenys alitaka huyu mmoja ajue. Barua za wakubwa zingekuja zikija.

Walimkuta dirishani na gazeti, anasoma matangazo ya vifo kwa kioo cha kukuzia. Alipomwona Glenys akageuza uso.

"Sikuja kwa ajili yangu, Bi Tully," alisema Glenys. "Huyu ana neno. Sema, Lindsay. Na usizunguke."

Akasema. Kwa kukwamakwama, macho yakiwa sakafuni, lakini alisema yote: baba yake, mkono ulioshuka, tume, utepe mweusi, mchezo wa kila Agosti. Alipomaliza, bibi alinyoosha mkono, Glenys akamwekea slaidi kiganjani.

Bibi akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaweka kioo chake mbele. Glenys akainama kumwonyesha ishara iko wapi, juu kulia, mkono wake umeshuka.

"Niache," alisema Bi Tully.

Hakuwa anatazama ishara. Kioo kilikuwa kimesimama penye kibanda cha injini, nyuma ya bega la Clarrie, penye kivuli ambacho Glenys hakukijali kabisa. Ndani ya kivuli kulikuwa na uso, umetupwa nyuma, meno nje.

"Vern," bibi alisema. "Anacheka. Baba yako amemwambia kitu, anacheka." Akakaa hivyo mpaka mkono ukachoka, akaushusha akauinua tena. "Walinikataza kumwona kwenye jeneza. Picha niliyonayo mimi ni ya shule, ana miaka kumi na mitatu." Akamgeukia Lindsay. "Na wewe ulikuwa naye. Miaka yote hii. Anacheka."

Lindsay alipiga magoti hapo kando ya kiti, mzee mzima, machozi yanamtiririka. "Bi Tully, nakuomba. Nakuomba unisamehe."

"Nyamaza," alisema Bi Tully, akimwonyesha Glenys kwa kidole. "Mama wa huyu alikuja mlangoni kwangu wiki ya mazishi, mvua inanyesha, akaniomba hivyohivyo. Nikamfungia mlango. Akasimama nje saa nzima namwona dirishani. Yule hakuwa amenikosea lolote, na sikumpa. Sasa wewe nikupe nini?"

Aliifumbata slaidi, akaiweka ndani ya sweta lake, upande wa kifuani. Kisha akamwambia Glenys avute kiti akae, na Lindsay atoke.