Inchi Moja ya Akiba

Januari ilimkuta Nyanjige amechoka, tena ule uchovu ambao mtu akikaa chini kupumzika ndiyo anachoka zaidi. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na wazazi wa Bariadi, Mungu awasaidie, wana tabia moja: Desemba nzima hawaonekani, halafu zikibaki siku mbili wanajaa kibarazani kwake na watoto wao na vitambaa vyao na haraka zao. "Mama Jeni, nianzie mimi." Miaka ishirini na sita alikuwa akikanyaga cherehani ile ile, akishona sare zile zile, bluu chini, nyeupe juu. Miguu ilikuwa inavimba. Macho ndiyo usiseme.

Sasa mtu wa namna hiyo anajitafutia kazi nyingine ya nini? Mimi sitamtetea. Ila shuka la kitandani kwake lilikuwa limechanika katikati, na kwenye kona ya chumba kulikuwa na viroba vitatu vya mabaki ya sare ambavyo alishachoka kuviruka. Ndipo Sista Apolonia, mtawa anayefundisha ushonaji pale parokiani, akawaletea kina mama karatasi yenye picha ya shuka zito la vipande vipande, visanduku vya bluu vimeshikana kona kwa kona, vinakatiza kwenye weupe kwa mshazari toka pembe hadi pembe. Alisema linaitwa mnyororo wa Airishi. Huyo Airishi ni nani, hakuna aliyeuliza. Walichukulia ni fundi fulani wa zamani, wala si watu wa kisiwa huko Ulaya, yakaisha.

Ushonaji wake sasa. Unakata kanda ndefu za inchi tatu na nusu. Unashona tatu ubavu kwa ubavu: bluu, nyeupe, bluu. Unashona nyingine tatu: nyeupe, bluu, nyeupe. Unapiga pasi. Halafu unachukua mkasi na kukata kile kile ulichokishona. Ndiyo, unakikata kwa kukingama, inchi tatu na nusu tena, na kila kipande kinatoka na rangi zake tatu zimeshaungana. Ukiviunga vipande vitatu kwa kupishanisha, una mraba wa visanduku tisa, na hukuhangaika na kisanduku kimoja kimoja. Nyanjige alipokata mshono wake mzima mara ya kwanza, alifumba jicho moja. Mwenye miraba thelathini na miwili ya visanduku, na mingine thelathini na mmoja mitupu myeupe ya kupishana nayo, ana shuka la kitanda cha futi nne kwa sita, na la kuning'inia pembeni linabaki.

"Mshono uwe robo inchi," Sista alisema. Akarudia. Nyanjige aliitikia mara zote mbili.

Lakini kichwa kuitikia ni jambo moja na mikono ni jambo lingine. Mshonaji wa sare haachi robo inchi ndani ya mshono. Anaacha inchi nzima, na hiyo inchi ina jina, inaitwa akiba. Mtoto akirefuka, akinenepa, mzazi anarudi na sketi ile ile, fundi anafumua, anaachia akiba, mtoto anakwenda mwaka mwingine. Kwa Nyanjige wateja walikuwa hawaulizi bei kwanza, walikuwa wanauliza, "Umeacha akiba?" Basi alishona mnyororo wa Airishi kati ya sketi na sketi, dakika kumi hapa, robo saa pale, macho yamesinzia nusu, na kila mshono akauachia inchi yake. Mraba wa kwanza ulipotoka mdogo kuliko alivyosema Sista, alidhani inchi za kwenye ile karatasi ni za kizungu. Akapunguza ile mitupu ilingane. Akaendelea, akirundika miraba kwenye beseni.

Na ningeishia hapo tukacheka, kama siyo habari ya Jenifer.

Jenifer ndiye mwanawe wa pekee, ameolewa Mwamapalala. Mimba yake ya kwanza, Nyanjige alishindwa kujizuia. Alishona vigauni vinane na shali, akavibeba mwenyewe hadi ukweni mimba ikiwa ya miezi saba. Milembe, mama mkwe wa Jenifer, alivitazama vile vigauni, akavikunja, hakusema neno. Kule mtoto haandaliwi kabla hajafika. Mtoto alizaliwa kimya. Kwenye msiba Milembe akalitoa lile neno mbele ya watu: "Nguo zilimtangulia mwenyewe."

Jenifer hakumtetea mama yake. Mwaka mzima hakukanyaga Bariadi. Alipokuja hatimaye, alisimama mlangoni akamwambia mama yake, "Mayu, nakuomba kitu kimoja tu. Ikitokea tena, usishone. Hata leso. Ukishona, mimi na wewe basi." Nyanjige akakubali. Angekubali lolote.

Na sasa mimba ilikuwa imetokea tena. Jenifer alikuwa anakuja kliniki mjini kila mwezi, anapitia kwa mama yake, anakunywa uji, analala kidogo, anarudi. Tumbo lilikuwa limeshaingia mlangoni kabla yake, lakini wote wawili waliongea habari za mvua na palizi ya pamba. Nyanjige hakuuliza hata kama alikuwa anasikia kichefuchefu. Kumtazama mwanao na kutokumwuliza, hiyo peke yake ni kazi ya kutwa, na yeye alikuwa na zile nyingine juu yake.

Mwezi wa pili ukaingia, sare zikapungua. Nyanjige akaunga miraba yote, saba kwa tisa, akalibeba shuka ndani kwa furaha ya mtu aliyemaliza mzigo, akalitandika kitandani.

Lilifika katikati ya kitanda, likaishia hapo. Alilivuta huku, akalivuta kule. Inchi thelathini na moja na kitu upana, arobaini na kitu urefu. Zuri, mnyororo umenyooka pembe hadi pembe, zito kwa ile mishono ya nyuma. Na dogo. Alikuwa bado amesimama analitazama, anajilaumu, Jenifer akaingia na kadi yake ya kliniki mkononi.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama yake, kisha akaona kitanda.

Jenifer alitembea taratibu hadi pale, akalipima kwa macho. Mwanamke yeyote angejua lile ni la ukubwa wa mtoto mchanga.

"Hili ni la nani?"

"La kwangu. La kitanda."

"La kitanda," Jenifer alisema. "Litakufika magotini?"

"Jeni, nilikosea vipimo."

"Wewe? Miaka yote hiyo watu wanatoka Shishiyu kuja kukufuata wewe, leo umekosea vipimo?" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha Nyanjige. "Nilikuomba kitu kimoja."

Akageuka. Nyanjige aliona kanga ya mwanawe inaelekea mlangoni, akajua ikishavuka pale hairudi. Akasikia hasira, kweli kabisa, hasira ya mtu aliyejifunga mdomo miezi saba akaja kuhukumiwa kwa kosa ambalo safari hii hakulitenda. Na chini ya hasira kulikuwa na woga, kwa sababu alijiuliza kama mikono yake haikumsaliti makusudi.

"Kaa chini!" alisema. Hakuwahi kumfokea Jenifer tangu aolewe. "Kaa, uangalie. Ukishaangalia, uende."

Jenifer akakaa, kwa mshangao zaidi kuliko utii. Nyanjige akaligeuza shuka kifudifudi, akachukua wembe, akafumua mshono mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, mpaka kisanduku kimoja cha bluu kikatoka peke yake. Akakiweka mapajani kwa mwanawe pamoja na tepu ya kupimia na karatasi ya Sista Apolonia.

Jenifer alisoma hadi kidato cha nne, na hesabu ndiyo ilikuwa jeuri yake. Akapima. Akasoma karatasi. Akapima tena.

"Umekata inchi tatu na nusu," alisema polepole. "Kama karatasi inavyosema."

"Ndiyo."

"Halafu umeacha inchi huku. Na inchi huku." Akapitisha kidole kwenye mishono ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, yote minene, yote sawa. "Kila kimoja kimebaki inchi moja na nusu. Ilitakiwa tatu. Limerudi nusu kamili." Akaangalia kitanda. "Lingefika sitini na tatu upana. Lingefunika na kuning'inia."

"Ndivyo nilivyotaka."

"Mayu, umeacha akiba kwenye shuka?"

"Mikono imezoea."

Jenifer akaanza kucheka, kicheko cha puani, kisha kikageuka kuwa kilio, na alilia kama mtu aliyekuwa amekizuia muda mrefu, kichwa ameinamia kile kisanduku cha bluu. Nyanjige hakumgusa. Hakujua kama anaruhusiwa. Alikaa pembeni yake kitandani, miguu imemvimba, akasubiri mpaka akatulia.

"Nitalifumua lote," Nyanjige alisema. "Nitalishona upya, likue, liwe la kitanda. Hutaliona tena hivi." Alihesabu ile mishono kichwani akaona ni mwezi mzima wa wembe, na akaona ni sawa tu.

Jenifer akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Akakirudisha kile kisanduku mahali pake, akakishikilia pale kwa kiganja.

"Usilifumue."

"Milembe je?"

"Milembe hatalijua. Lisifike Mwamapalala. Lisitoke humu ndani hata kidogo." Akakinyoosha kisanduku kwa kidole, akasema bila kumtazama mama yake, "Rudishia hiki, ulikunje, uliweke. Mwenyewe atakuja kulichukua."

Nyanjige hakuuliza mwenyewe ni nani. Alichukua sindano, lakini uzi ulikataa kupita tunduni, macho yalikuwa yamejaa machozi, na Jenifer akamnyang'anya akautunga yeye.